Tairi Kubwa, Fimbo Nyembamba

Je, wajua kwamba magurudumu mawili ya mbele ya Land Cruiser Mkonga yanashikana kwa fimbo moja tu ya chuma, nyembamba kuliko kifundo cha mkono wako? Mafundi huiita tairodi. Ukilala chini ya gari utaiona ikipita nyuma ya ekseli, kutoka gurudumu la kushoto hadi la kulia, na kila ncha yake ina bojointi iliyovikwa mpira. Anayetoka Dodoma mjini kwenda Kolo kuona michoro ya miambani, au anayekatiza vichaka vya Itigi wakati wa masika, uhai wake uko mikononi mwa fimbo hiyo. Naona haipewi heshima inayostahili, hasa siku hizi ambapo kila mwenye gari la porini anatamani tairi kubwa.

Tuifuate nguvu tangu mkononi. Dereva anazungusha usukani, mhimili unaipeleka nguvu hadi kwenye stelingi boksi iliyofungwa kwa bolti kwenye chesisi. Ndani ya boksi kuna skrubu nene na gololi za chuma zinazozunguka katika mifereji yake, na mafuta yanayosukumwa na pampu huusaidia mkono. Boksi inasukuma fimbo nyingine iitwayo draglinki, na draglinki inageuza gurudumu moja. Gurudumu la pili halina habari na usukani kabisa. Linageuzwa na tairodi. Tairodi ikipinda, magurudumu hayatazami tena upande mmoja. Ikikatika, kila gurudumu linashika njia yake.

Na magurudumu hayo hayatakiwi kugeuka sawasawa. Kwenye kona, gurudumu la ndani huchora duara dogo kuliko la nje, kwa hiyo lazima lipinde zaidi. Fundi wa magari ya farasi wa Munich, Georg Lankensperger, alibuni mpangilio wa kulifanya hilo mwanzoni mwa karne ya 19, na wakala wake Rudolph Ackermann akausajili Uingereza mwaka 1818. Wahandisi duniani kote huutaja kwa jina la wakala. Msaada wa mafuta ulichelewa sana: Mmarekani Francis Davis aliuonyesha katika miaka ya 1920, na gari la kwanza kuuzwa nao madukani lilikuwa Chrysler Imperial la mwaka 1951.

Land Cruiser za familia ya 70, ambayo Mkonga ni mmoja wao, zilitoka kiwandani kuanzia 1984. Mwaka 1999 zile ndefu na pikapu zilibadilishiwa springi za mbele, kutoka za majani kwenda za koili, lakini ekseli ya mbele ikabaki kipande kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu. Ndiyo maana zinapendwa na askari wa wanyamapori, mabwana mifugo, watu wa miradi ya maji na wachimbaji. Ekseli ya kipande kimoja inavumilia, na fundi yeyote mwenye spana anaielewa.

Uwanda wa kati unaijaribu kila siku. Dodoma iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, mvua yake ya mwaka kwa kawaida haifiki milimita 600, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Kwa miezi mingi ardhi nyekundu hukauka ikawa ngumu, na barabara za changarawe hujikunja mawimbi madogo yanayougonga usukani bila kupumzika. Mvua ikifika, mito iliyokuwa mchanga mtupu huteremsha maji kwa saa chache, na mbuga za udongo mweusi hugeuka utelezi usio na mwisho. Mto Bubu hushuka kutoka upande wa Kondoa hadi kwenye bwawa la Bahi, na njia za pembezoni mwake ni mchanga leo, tope kesho. Kondoa yenyewe ilikatwa na makorongo kiasi kwamba mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kuiponya ardhi hiyo.

Ardhi hii ilishawashinda wenye mitambo mikubwa kuliko yetu. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wa karanga huko Kongwa, na kampuni ya Vickers-Armstrongs ikawaundia trekta la minyororo lililoitwa Shervick, kutokana na vifaru vya Sherman vilivyobaki baada ya vita. Trekta la namna hiyo halina tairodi. Hukata kona kwa kuzuia mnyororo wa upande mmoja. Lakini vichaka vya miiba, mizizi na udongo uliokaukia juani havikujali. Mradi ulifungwa mwaka 1951.

Basi kwa nini watu wanataka tairi kubwa? Sababu yao ni ya kweli. Kwenye ekseli ya kipande kimoja, sehemu iliyo chini kuliko zote ni chungu cha difu. Ukiweka springi ndefu, bodi inapanda lakini difu inabaki palepale. Kinachoinua difu ni tairi peke yake. Ila hebu tupige hesabu, kwa maana wengi hawaipigi. Tairi ya 235/85R16, iliyo karibu sana kwa kimo na ile nyembamba ya 7.50 iliyozoeleka kwenye Land Cruiser za kazi, ina kipenyo cha milimita 806. Ya 285/75R16 ina milimita 834. Nusu ya tofauti ndiyo inayoinua difu: milimita 14, unene wa kidole. Ukienda hadi 315/75R16, yenye milimita 879, unapata milimita 36 au 37. Ni faida, ndiyo, lakini si mlima ambao watu hudhani wamepanda.

Gharama yake huonekana kwenye usukani. Tairi pana hukamata ardhi kwa eneo kubwa zaidi kwenda kando. Na ili isikwaruze springi na chesisi, mwenye gari hununua rimu zinazoisukuma nje, mbali na mhimili ambao gurudumu hugeukia. Umbali huo kati ya mhimili na katikati ya alama ya tairi ardhini ni wenzo. Wahandisi wana kanuni ya kukadiria nguvu ya kugeuza gurudumu gari likiwa limesimama: chukua uzito ulio juu ya tairi, zidisha kwa msuguano, kisha kwa kipeuo cha pili cha jumla ya mraba wa upana wa tairi uliogawanywa kwa 8 na mraba wa wenzo huo. Tuseme gurudumu limebeba kilo 600 na msuguano ni 0.7. Tairi ya upana wa milimita 235 yenye wenzo wa milimita 40 inahitaji takriban nyutoni-mita 380. Ya milimita 315 yenye wenzo wa milimita 70 inahitaji zaidi ya 540. Mzigo umepanda kwa zaidi ya theluthi, na fimbo ni ileile.

Hiyo ni gari likiwa limesimama. Likiwa mwendoni wenzo hufanya kazi kinyumenyume: kisiki kinaligonga gurudumu, wenzo unaligeuza, na pigo linapanda kupitia bojointi, fimbo na boksi hadi kwenye vidole gumba vya dereva. Kwa kuwa tairodi iko nyuma ya ekseli, pigo la kuyarudisha magurudumu nyuma huyapanua kwa mbele na kuyabana kwa nyuma, kwa hiyo fimbo hugandamizwa. Hapo ndipo penye udhaifu wake. Chukua ufito wa kujengea tembe: ukiuvuta kwa ncha zake mbili utachoka wewe, lakini ukiusukuma ncha zikutane, unapinda mara moja. Chuma nacho hutii sheria hiyo, na hesabu yake ilitolewa na Leonhard Euler katika karne ya 18. Kwa fimbo iliyojaa, ugumu dhidi ya kupinda hupanda kwa kipenyo kikizidishwa chenyewe mara nne. Ondoa fimbo ya milimita 24, weka ya milimita 30, na uwezo wa kukataa kupinda unakuwa karibu mara mbili na nusu, huku uzito ukiongezeka kwa zaidi ya nusu tu.

Ndiyo maana tairodi na draglinki nene za chuma cha kromoli ni kifaa cha busara kwa mwenye tairi kubwa. Lakini si cha kwanza kununua, na hapa natofautiana na wauza spea wengi. Anza na kile kinachocheza. Kwenye Land Cruiser hizi, gurudumu la mbele hugeukia juu ya beringi mbili za kingipini, moja juu na moja chini, ndani ya bakuli la duara lililojazwa grisi. Sili yake ikichoka, maji ya mtoni na mchanga huingia na grisi hugeuka uji wa kijivu. Fundi makini huondoa fimbo, huvuta mkono wa gurudumu kwa mizani ya springi na kusoma ni kilo ngapi zinahitajika kuusogeza. Ukisogea kwa wepesi kupita kiasi, beringi zimelegea, na hakuna fimbo nene itakayoficha hilo kwa muda mrefu. Baada ya beringi, bojointi zote. Baada ya bojointi, bushi za ekseli na beringi za habu. Ndipo fimbo.

Tena fimbo ikiwa nene, pigo halipotei, linahamia kwingine. Ile ya kiwandani ilikuwa ikipinda na kumaliza ugomvi. Huko porini, mafundi huiondoa, huiegemeza kwenye gogo na kuinyoosha kiasi cha kuwafikisha nyumbani. Ile nene haipindi, kwa hiyo kinachofuata ni shina la bojointi, au shafti ya stelingi boksi, au chesisi yenyewe pale boksi ilipofungwa. Shafti iliyokatika hainyooshwi kwa gogo. Mwenye kuweka fimbo nene na akague chesisi kwenye matundu ya bolti za boksi, na ikibidi aongeze bamba la kuiimarisha. Kuna pia silinda ndogo ya mafuta inayoweza kufungwa kwenye fimbo ili kuipunguzia boksi kazi. Inafaa kwa tairi kubwa kweli, lakini inadai pampu yenye nguvu na mafuta yasiyochemka.

Jambo moja silivumilii: kuchomelea bojointi au mkono wa stelingi. Vyuma hivyo vilifuliwa na kupikwa kwa joto maalumu ili viwe vigumu bila kukatika ghafla. Moto wa kuchomelea huufuta upishi huo, na pembeni ya mshono chuma hubaki dhaifu pasipo dalili yoyote ya nje. Kwa kurudi kutoka porini kwa mwendo wa mtembea kwa miguu, inaeleweka. Kwa kumpa mtu gari aende nalo Babati, hapana.

Kuna ugonjwa mwingine ambao tairi kubwa huuamsha. Gari likifika mwendo fulani, likagonga shimo, magurudumu ya mbele huanza kuchezacheza kushoto na kulia kwa kasi, usukani unatetemeka mpaka dereva hawezi kuushika, na hakuna dawa ila kupunguza mwendo taratibu hadi liache. Gurudumu zito linalozunguka, likiinuliwa upande mmoja, hutaka kujigeuza. Kwenye ekseli ya kipande kimoja gurudumu moja humwambukiza mwenzake. Kulegea kidogo kwa kila kiungo ndiko kunakoupa mtetemo nafasi ya kukua. Wengi hukimbilia kuweka shokapu kubwa ya stelingi. Mtetemo hunyamaza, viungo vinaendelea kuliwa. Shokapu iwe ya mwisho kwenye orodha. Angalia pia kama gari liliinuliwa: springi ndefu za koili huizungusha ekseli na kupunguza ule mwinamo wa kuelekea nyuma wa mhimili wa gurudumu, unaofanya usukani urudi wenyewe baada ya kona. Mwinamo huo hurudishwa kwa bushi maalumu zenye tundu lililosogezwa pembeni, na kwenye springi za majani kwa kabari za chuma.

Spidomita nayo hudanganywa. Kwa hesabu ya tairi peke yake, aliyetoka milimita 806 kwenda 879 husafiri kwa zaidi ya kilomita 54 kwa saa mshale unaposoma 50. Kwenye vijiji vya barabara ya Dodoma hadi Iringa, ambako 50 ndiyo mwisho, tochi ya askari haiangalii ukubwa wa tairi.

Kwa uwanda huu, mimi ningemshauri mwenye Mkonga abaki na tairi ndefu na nyembamba. Kwenye mbuga nyeusi hupasua utelezi wa juu na kutafuta ardhi ngumu chini, pale ambapo tairi pana huelea na kuteleza. Kwenye mchanga wa Bahi ashushe upepo: kutoka psi 35 au 40 hadi 18 au 20, alama ya tairi hurefuka na gari hupita, mradi aende polepole na ajaze tena kabla ya lami. Hapo milimita zilizopotea chini ya difu hulipwa bila stelingi kudaiwa chochote.

Na tairi iwe kubwa au ya kiwandani, jaribio ni moja. Funga breki ya mkono, zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, washa injini. Mwenzako azungushe usukani kidogo kidogo, kulia na kushoto, nawe uweke kidole kwenye kila kiungo kwa zamu, mbali na tairi. Kiungo kizima hufuata fimbo papo hapo. Kilichochakaa hugonga kwanza, ndipo gurudumu lisogee. Lifanye jaribio hilo asubuhi ya safari ukiwa bado mjini, kwa sababu bojointi inapatikana Dodoma na haipatikani katikati ya pori la Rungwa.