Presha ya Ujauzito: Kila Dawa Ina Wakati Wake

Katika mikutano ya akina mama, huku Kibera na kule Kawangware, swali hili halikosi: "Mimi sisikii ugonjwa wowote, mbona nimeze dawa ya presha na nina mtoto tumboni?" Ni swali la haki. Jibu ni kwamba presha ya ujauzito mara nyingi haiumi. Kichwa kikigonga sana, macho yakiona kiza na maumivu yakishika chini ya mbavu, ugonjwa umeshafika mbali. Ndiyo sababu kliniki hupima presha na mkojo hata ukijisikia mzima. Kipimo cha 140/90 si cha kupuuza. Kikifika 160/110, hiyo ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo, si kesho baada ya kibarua cha kufua nguo.

Iko dawa ya kukinga, nayo ndiyo wengi hawaijui. Ni asprini ndogo, miligramu 75, si ile ya 300 ya kutuliza kichwa. Shirika la Afya Duniani hushauri wapewe walio katika hatari kubwa: aliyeugua hivi mimba iliyopita, mwenye presha ya zamani, mwenye kisukari au ugonjwa wa figo, aliyebeba mapacha. Huanza wiki ya 12, na yafaa iwe imeanza kabla ya wiki ya 20. Hapo ndipo tunapoanguka, maana wengi wetu twaenda kliniki tumbo likishaonekana na majirani wote. Aliyewahi kuugua asingoje. Akijua tu ana mimba, aende aeleze. Lakini asijinunulie kwa kemisti.

Kalisiamu nayo husaidia pale chakula kinapoipungukia. Utafiti wa Dar es Salaam na India, uliochapishwa 2024, ulionyesha kwamba miligramu 500 kwa siku hazikuwa duni kuliko 1,500 katika kukinga ugonjwa huu. Tembe chache, nafuu kwa mama.

Dawa za kushusha presha ni nyingine: methildopa, ambayo wengi huiita Aldomet, au nifedipini. Hizi humezwa kila siku kama ulivyoandikiwa. Presha ikishuka, ni dawa inafanya kazi, usiache. Na tafadhali, dawa za presha za nyanya si za kuazima. Enalapri na losatani zaweza kuharibu figo za mtoto tumboni. Aliyekuwa akizimeza kabla ya mimba aseme mapema abadilishiwe.

Kisha kuna sindano ya magnesiamu salfeti, ya kuzuia na kutibu kifafa cha mimba. Mwaka 1995 utafiti wa nchi kadhaa, Uganda ikiwemo, ulionyesha kwamba inazuia kifafa kurudi kuliko diazepamu. Mwaka 2002 utafiti mwingine, wa akina mama zaidi ya 10,000, ulionyesha kwamba kwa wenye presha hii hupunguza hatari ya kifafa kwa zaidi ya nusu. Kituo cha afya chenye dawa hiyo chaweza kudunga dozi ya kwanza, halafu mama akapelekwa hospitali kubwa.

Mama akianguka nyumbani, si mapepo. Mlaze ubavu wa kushoto, usimtie kijiko mdomoni, na msikae kungoja atulie ndipo mtafute gari.

Gari lenyewe ni kazi ya kikundi. Vichochoro vya Gatwekera au Laini Saba haviingizi gari, kwa hiyo lazima ijulikane nani atambeba hadi barabarani, hata kama Hospitali ya Mbagathi iko karibu. Wa Kawangware ulizeni mapema ni kituo kipi hufunguliwa usiku na kina sindano hii. Tengeni pesa kidogo za nauli kutoka kwa mchango wa kila wiki, zikae kwa mtu anayepatikana saa nane za usiku. Andikeni majina ya wajawazito wenu wote. Aliyejifungua juzi asifutwe: kifafa chaweza kumjia hata siku kadhaa baada ya kuzaa, naye apimwe presha hadi wiki ya 6.