Talaka haigawi nyumba: Jasho la mama nyumbani nalo ni mchango

MTANDA, mjini Lindi, kama ilivyo mitaa mingi ya pwani, nyumba hujengwa kidogo kidogo. Msimu huu tofali, msimu ujao bati, mpaka siku moja familia inahamia kabla hata ya lipu.

Fedha ya bati huenda ni ya mume, aliyoipata kwa korosho, ufuta au samaki. Lakini maji ya kufyatulia tofali alichota mke. Mafundi aliwapikia mke. Mama mkwe alipougua, aliyemwogesha na kumnywesha uji ni huyo huyo mke.

Siku ndoa ikivunjika, swali huwa moja: nyumba ni ya nani?

Jibu la mtaani linajulikana. Mwenye jina kwenye karatasi ndiye mwenye mali, na aliyeachwa afunge nguo zake arudi kwao. Sheria ya Tanzania haisemi hivyo, na mahakama ya juu kabisa nchini ililimaliza suala hilo zaidi ya miaka 40 iliyopita.

Kesi ya Bi Hawa

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliziweka ndoa zote, za Kiislamu, Kikristo, kimila na kiserikali, chini ya sheria moja. Ilimpa mke haki sawa na mume ya kupata, kumiliki na kuuza mali yake mwenyewe. Kifungu cha 114 kikaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa nguvu za pamoja, pale inapotoa talaka au amri ya kutengana.

Mvutano ukazuka kwenye maneno hayo, "nguvu za pamoja". Wapo majaji walioona kupika, kufua na kulea ni wajibu wa mke tu, si mchango katika mali. Wengine waliona ni mchango.

Mwaka 1983, Mahakama ya Rufani iliamua kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Hukumu iliyosomwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali ilisema kazi za nyumbani na malezi ni sehemu ya nguvu za pamoja.

Ajabu ni kwamba Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu. Mahakama iliona fungu lake alikwishalimaliza kupitia fedha alizopewa na mumewe wakati wa ndoa. Alishindwa kesi, lakini wanawake waliokuja baada yake wakapata njia.

Si nusu kwa nusu moja kwa moja

Hata hivyo, anayekwenda mahakamani akidhani atapewa nusu bila kuulizwa anajidanganya. Mahakama hutazama mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, mila za jamii yao, madeni waliyoingia kwa manufaa ya wote wawili, na mahitaji ya watoto wadogo. Baada ya kuyapima hayo ndipo huelekea kwenye usawa.

Mali aliyokuwa nayo mtu kabla ya ndoa hubaki yake. Lakini mke akikuta kibanda cha udongo, wakakigeuza wote wawili kuwa nyumba ya tofali, nyumba hiyo inaweza kuingia kwenye mgawo. Kipimo ni hicho hicho kwa mume aliyeendeleza mali ya mkewe.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 iliongeza kinga nyingine. Ardhi ikiwa kwa jina la mmoja, na mwenzake ameitumikia kwa kulima, kuitunza au kuiendeleza, naye huhesabiwa kuwa na haki katika ardhi hiyo. Marekebisho ya mwaka 2004 yakasisitiza kuwa nyumba ya familia haiwezi kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi. Mkopaji anatakiwa kueleza kama ana mke au mume, na mkopeshaji anatakiwa kujiridhisha.

Karatasi ya talaka haitoshi

Hapa ndipo wengi hukwama. Mwanamke huandikiwa talaka, hukaa eda, kisha huanza maisha upya mikono mitupu akiamini mambo yamekwisha. Karatasi ile haigawi mali. Anayegawa ni mahakama.

Kwa kawaida safari huanzia Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Likishindwa kuwapatanisha, hutoa hati, na hati hiyo ndiyo hufungua mlango wa mahakama, hata ya Mwanzo. Asiye na uwezo wa kulipa wakili anaweza kuomba huduma chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, inayowatambua pia wasaidizi wa kisheria.

Kifo nacho kina njia yake. Kifungu cha 114 ni cha talaka na kutengana, si cha mirathi. Mume akifariki, mirathi hufuata sheria ya Kiislamu, ya kimila au ya kiserikali, kulingana na maisha aliyoishi. Kwa sheria ya Kiislamu, mjane mwenye watoto na marehemu hupata thumuni. Ndiyo maana majina mawili kwenye hati, wote wakiwa hai na wakipendana, yana maana kubwa: ardhi au nyumba iliyoandikwa kwa majina ya wote wawili huchukuliwa kuwa ni yao kwa usawa, mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Risiti ya saruji, kumbukumbu za kikoba, hati ya mauziano ya kiwanja na jina la fundi aliyepikiwa chakula, vyote ni ushahidi. Kuvitunza si kuombea ndoa ivunjike. Mume mwenye nia njema naye vinamlinda, na watoto hubaki na paa.