Je, Wajua? Simu, Minara na Mionzi Kampala

Je, wajua kwamba simu yako ina namba ambayo muuzaji wa Kampala Road pengine hakukutajia? Bonyeza *#07# kwenye simu nyingi za Android uione. Inaitwa SAR, yaani kasi ya mwili kufyonza nishati ya mawimbi ya redio, kwa wati kwa kila kilo. Marekani haitaki ipite 1.6. Ulaya inaruhusu 2 kwa kichwa na kiwiliwili, ila usilinganishe haraka: Wamarekani hupima wastani wa gramu 1 ya mwili, Ulaya gramu 10.

Namba hiyo hupatikana maabara, simu ikiwa imelazimishwa kutoa nguvu zake zote. Kwa hiyo simu ya 0.9 si lazima ikupe mawimbi machache kuliko ya 1.2 katika maisha ya kawaida. Simu hubadilisha nguvu kila mara: mnara ukiwa karibu hunong'ona, mnara ukiwa mbali hupaza sauti kama mtu anayemwita mwenzake aliye kilima cha pili.

Je, wajua basi kwamba mtaa unaofukuza mnara unaweza kuishia na mawimbi mengi zaidi sikioni? Antena hutupa mawimbi yake kwa mlalo, si moja kwa moja chini, na ukienda mbali mara mbili nguvu yake hushuka hadi robo. Simu iliyobanwa shavuni haina umbali wowote wa kukuokoa.

Hata hivyo jirani wa mnara asidharauliwe. Minara mingi hutegemea jenereta umeme unapokatika, na moshi wa dizeli uliwekwa kundi la 1 la visababishi vya saratani mwezi Juni 2012 na IARC, taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani. Kundi la 1 maana yake hakuna shaka. Mawimbi ya redio, yakiwemo ya simu, taasisi hiyohiyo iliyaweka kundi la 2B tarehe 31 Mei 2011: huenda. Dondoo la jani zima la aloe vera nalo limo 2B. Soseji ndani ya rolex yako, ile chapati ya mayai? Nyama iliyosindikwa iko kundi la 1 tangu 2015. Makundi haya hupima uzito wa ushahidi, hayapimi ukubwa wa hatari. Magazeti husahau jambo hilo kila mwaka.

Je, wajua kwamba katorchi, ile simu ndogo ya tochi, inaweza kukupa mawimbi mengi kuliko simu janja? Simu ya 2G pekee inaweza kufikia wastani wa robo ya wati inapopiga kwa nguvu zote. Simu inayopiga kwa 3G kwa kawaida hutumia sehemu ndogo sana ya hiyo. Bei haikuambii lolote hapa.

Utafiti mkubwa wa Interphone, uliochapishwa 2010, ulichukua watu wa nchi 13. Hakuna hata moja ya Afrika. Mapitio yaliyoagizwa na Shirika la Afya Duniani na kutolewa 2024 hayakuona uhusiano kati ya simu na saratani ya ubongo.

Na uvumi wa 2020 kwamba 5G huleta korona? Uingereza minara ilichomwa moto. Lakini korona ilifika Uganda kabla ya 5G ya kibiashara, iliyoanza 2023.

Baraza la Nishati ya Atomiki la Uganda husimamia mionzi mikali kama ya eksirei. Simu si zake. Hizo ni za Tume ya Mawasiliano, UCC, ambayo huidhinisha aina za vifaa kabla ya kuuzwa. Simu bandia hukwepa mlango huo, na SAR yake hakuna aliyeipima. Kenya ilizima simu bandia 2012, Tanzania tarehe 16 Juni 2016.

Je, wajua kwamba kusema ukweli dukani kumepigwa vita hata kwa matajiri? San Francisco ilipitisha sheria ya kutangaza SAR mwaka 2010, kampuni za simu zikaenda mahakamani, mji ukaiacha 2013. Ufaransa ilishikilia: SAR huonyeshwa pale simu inapouzwa, na serikali hupima yenyewe. Septemba 2023 ilisimamisha uuzaji wa iPhone 12 kwa kufikisha 5.74 mkononi, ambako kikomo ni 4. Apple ikarekebisha programu.

Na Uganda? Ibara ya 41 ya Katiba humpa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Taarifa ya 2005 hutoa siku 21 za kujibiwa. Unaweza kuiandikia UCC kesho kuhusu simu yako. Muuzaji hafungwi na sheria hiyo: ukimuuliza SAR, atakuuliza kama unataka na kava.