Kizunguzungu cha Kugeuka Kitandani

Labda jambo hili limekupata. Umelala vizuri usiku. Alfajiri unageuka upande wa kuume, na mara nyumba yote inazunguka. Unashika kitanda kwa mikono miwili, moyo unachafuka, pengine unatapika. Ukitulia kabisa, kunakoma kabla hujahesabu 60. Unafikiri yamekwisha. Lakini ukiinua uso kushusha chungu kilichowekwa juu, au ukiinama shambani, kunarudi tena.

Watu wengi wakipatwa hivi husema, "Ni malaria," nao humeza kinini. Lakini kinini hakiponyi jambo hili. Tena kinini kikizidi, chenyewe hufanya masikio yalie na kichwa kizunguke! Wengine hununua sindano sokoni. Wengine huanza kuuliza ni nani katika ukoo aliyewaroga, na hapo jambo dogo la sikio linavunja nyumba. Bibi mzee asiye na kosa anafukuzwa kwa ajili ya vijiwe ambavyo jicho haliwezi hata kuviona.

Sikiliza sasa habari ya vijiwe hivyo. Sikio si la kusikia tu. Ndani ya mfupa wa kichwa, nyuma ya sikio lenyewe, mna mirija mitatu midogo iliyopinda kama pete, imejaa maji. Ukigeuza kichwa, maji yanasogea, na ubongo unapata habari kwamba umegeuka. Karibu na mirija hiyo pana kifuko chenye punje ndogo sana za chokaa. Mahali pao ni pale, nazo hutusaidia kujua juu na chini. Kwa uzee, au kwa pigo la kichwa, au baada ya kulala kitandani siku nyingi, punje nyingine hubanduka na kuingia katika mrija, mara nyingi ule wa nyuma. Basi ukilala au ukigeuka, punje zinateremka na kuvuta maji. Sikio linauambia ubongo, "Tunazunguka!" nawe umelala tu.

Punje zilizoingia kwa kuteremka zinaweza kutolewa kwa kuteremka. Munganga John Epley wa Marekani aliandika njia hiyo mwaka 1992. Waganga wenzake wengi hawakuikubali upesi, maana haina dawa wala kisu. Leo inatumika katika nchi nyingi.

Kwanza ujue ni sikio lipi. Mara nyingi ni lile la upande unaoleta kizunguzungu kikali ukiugeukia. Mara ya kwanza ni vizuri muuguzi akupime, kwa maana anatazama macho yako yanavyorukaruka.

Kama ni sikio la kuume, fanya hivi, na mtu mwingine awe karibu kukushika. Keti kitandani, miguu imenyooka. Weka mto au kikwembe kilichokunjwa nyuma yako, mahali mabega yatakapolala. Geuza uso kuelekea bega la kuume, nusu ya njia tu. Lala chali upesi, uso ungali umegeuka, kichwa kikianguka kidogo nyuma ya mto. Kizunguzungu kitakuja. Usiogope, usiruke juu! Ngoja kikome, kisha uhesabu 30 tena. Sasa, bila kuinua kichwa, geuza uso mpaka uelekee upande wa kushoto vilevile. Ngoja tena. Halafu geuza mwili wote ulalie bega la kushoto, na uso ufuate mpaka pua itazame chini. Ngoja tena. Mwisho shusha miguu upande huo wa kushoto, uinuke polepole na kuketi, kidevu kimeinama.

Kwa sikio la kushoto badili pande zote.

Wengi hupona kwa mara moja au mbili. Lakini anayepanda michikichi asipande, na mwenye pikipiki asiendeshe, mpaka siku chache zipite bila kizunguzungu. Mwenye ugonjwa wa shingo asijaribu nyumbani.

Tena si kila kizunguzungu ni hiki. Kikija unaposimama tu, labda damu ni kidogo, au mwili umekosa maji. Lakini mtu akipatwa na kizunguzungu pamoja na ulimi mzito, mkono au mguu uliolegea, kuona vitu viwili viwili, kushindwa kutembea, kichwa kuuma sana kwa ghafula, au homa na shingo ngumu, usimlaze na kumgeuza. Mchukue hospitalini saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Sikio likitoa usaha au likiacha kusikia, njoo upimwe.

Ukifanya mara moja kila siku kwa juma zima na hujapona, njoo pia. Pengine punje zimeingia mrija mwingine, na mrija huo una namna yake ya kugeuzwa.