Mkojo Unaopita Utumboni

Kuna jibu la maabara ninalolichukia, na mara nyingi ni mimi mwenyewe ninayelazimika kuliandika: "Vimelea vya aina nyingi. Sampuli imechafuka. Leta nyingine." Kwa mama mjamzito aliyekinga mkojo harakaharaka chooni, jibu hilo lina maana: arudi, ajisafishe vizuri, akinge mkojo wa katikati. Lakini kwa mtu aliyeondolewa kibofu na kutengenezewa njia mpya ya mkojo kwa kipande cha utumbo wake, halimwambii chochote. Ataleta nyingine, na nyingine tena, na karibu kila mara vitaota vimelea vya aina nyingi, kwa sababu hivyo ndivyo mkojo wake ulivyo siku zote.

Ninafanya kazi kwenye benchi la mkojo huku Kanda ya Ziwa, na watu wa namna hii tunawapata. Sababu mojawapo tunaijua tangu utotoni. Minyoo ya kichocho cha mkojo, ambayo konokono wake huishi kwenye malambo, madimbwi na majaruba ya mpunga ya Mwanza na Shinyanga, hutaga mayai yanayonasa kwenye ukuta wa kibofu. Ukuta huvimba, hupata makovu, na baada ya miaka mingi baadhi ya watu hupata saratani hapo. Mwaka 1994 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliiweka minyoo hiyo kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi moja na tumbaku. Saratani ikishaingia kwenye misuli ya kibofu, mara nyingi kibofu chote huondolewa.

Figo hazijui kwamba kibofu hakipo. Zinaendelea kutengeneza mkojo, na mkojo lazima utoke. Njia inayotumika sana mpaka leo ilielezwa mwaka 1950 na daktari Eugene Bricker wa St. Louis, Marekani. Daktari mpasuaji hutenga kipande cha utumbo mwembamba, sentimita 15 hadi 20 hivi, na kuunganisha utumbo uliobaki ili chakula kiendelee na safari yake. Mirija miwili ya kutoka kwenye figo hushonewa kwenye kipande kile, na ncha yake ya pili hutolewa nje ya tumbo, kulia, ikawa tundu jekundu lenye unyevu ambalo hubandikwa mfuko. Wapo wanaotengenezewa kibofu kipya cha utumbo ndani ya mwili, wakakojoa kwa njia ya kawaida au kwa mpira wa katheta.

Sasa, utumbo ni makazi ya bakteria. Hata ukiwa umebadilishiwa kazi hubaki utumbo: hutoa ute, hubandua chembe zake, hukaa na wageni wake kwa amani. Ndiyo maana kile kijiti cha kuchovya kwenye mkojo huonyesha "maambukizi" hata kwa mtu aliyeamka mzima na kwenda shambani. Mtu wa namna hiyo hapaswi kupewa dawa. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu naona yanayotokea: jibu linasoma bakteria, duka la dawa liko ng'ambo ya barabara, dawa ya sipro inanunuliwa, bakteria wanyonge wanakufa na wale sugu wanabaki na nafasi yote. Baadaye homa ya kweli inapokuja, dawa za kunywa zimekwisha kazi.

Na homa ya kweli huja. Katika njia ya Bricker hakuna mlango madhubuti wa kuzuia mkojo usirudi juu, kwa hiyo bakteria wana njia wazi ya kufika kwenye figo. Mgonjwa anatetemeka kwa baridi, ubavu unauma, anatapika. Hapo daktari anataka kujua ni bakteria gani, kati ya umati wote ule, amesababisha haya, na sahani zangu hazimsaidii sana.

Nieleze tunavyofanya. Nachovya kitanzi chembamba kinachobeba sehemu moja ya elfu ya mililita, nakipitisha juu ya sahani zenye chakula cha bakteria, naziweka kwenye inkubeta ya nyuzijoto 35 hadi 37, na kesho yake nahesabu madoa ya bakteria walioota. Doa moja ni bakteria elfu moja katika mililita. Kiwango maarufu cha bakteria 100,000 katika mililita, kinachotumika kutambua maambukizi, kilitokana na kazi ya Edward Kass wa Boston, miaka ya 1950, na alikuwa akichunguza wanawake wenye vibofu vyao. Hakikupimwa kwa ajili ya mkojo unaopita utumboni. Tena sahani hizi zina upendeleo. Bakteria wa E. koli huota upesi na kufunika wenzake. Bakteria wasiopenda hewa ya oksijeni hawaoti kabisa. Yupo mmoja aitwaye Actinotignum schaalii, anayewasumbua zaidi wazee, ambaye huota polepole mno na huhitaji hewa ya aina yake. Kwenye sahani ya kawaida, kwa siku moja, humwoni. Na mgonjwa aliyekwisha kumeza dawa kabla ya kuja, na hao huku kwetu ni wengi, anaweza kutoa sahani tupu huku homa ikimuunguza.

Ipo njia nyingine, kusoma vinasaba, ambayo haingoji bakteria aote. Mkojo huzungushwa kwa kasi ili chembe zitulie chini, chembe hupasuliwa, vinasaba hutolewa na kusafishwa, kisha mashine husoma mfuatano wa herufi zake nne: A, T, G na C. Wengi wetu tumekizoea kipimo cha GeneXpert cha kifua kikuu, nacho hutafuta vinasaba, lakini swali lake kuu ni: huyu yupo au hayupo? Usomaji ninaouzungumzia huuliza: nani wamo humu?

Njia mojawapo husoma jeni moja tu, iitwayo 16S, yenye herufi kama 1,500. Bakteria wote wanayo, kwa sababu hubeba maelekezo ya sehemu ya mtambo wa chembe unaotengeneza protini. Vipande vyake vingine vinafanana kwa wote, na vingine hutofautiana kutoka jamii hadi jamii, na kwa tofauti hizo kompyuta hutambua jina. Njia ya pili husoma kila kinachopatikana, wakiwemo fangasi na virusi. Hiyo ni pana zaidi na ina shida yake: vinasaba vya binadamu vina herufi zipatazo bilioni 3, vya E. koli milioni 4 na nusu hivi. Mkojo ukijaa usaha, sehemu kubwa ya kinachosomwa ni mgonjwa mwenyewe, na inabidi vinasaba vyake vipunguzwe kwanza.

Mashine nyingine siku hizi zinakaa kiganjani. Uzi wa vinasaba hupitishwa kwenye kitobo kidogo mno na mkondo wa umeme hubadilika kadiri herufi zinavyopita. Mwaka 2015 zilitumika Guinea kusoma virusi vya Ebola palepale penye mlipuko. Hapa Afrika Mashariki, watafiti wa Kilifi walisoma virusi vya korona vya Kenya. Ujuzi upo karibu nasi. Uko zaidi kwenye utafiti kuliko kwenye wodi, na hilo linaniumiza.

Mzee mmoja mkulima wa mpunga alinifundisha thamani ya usomaji huu. Alikuwa na tundu la Bricker, na homa zilizokuwa zikiondoka na kurudi. Alipita vituo kadhaa, akachomwa sindano za kila aina.

"Shikamoo baba," nilimwambia aliponipa kikopo.

"Marahaba mwanangu. Na leo mtasema nimechafua?"

Hakuwa amechafua. Mkojo wake ulikuwa umekingwa kutoka kwenye mfuko, ambamo bakteria huzaliana muda wote kabla hatujaupata. Tulimwomba muuguzi auchukue upya: mfuko utolewe, tundu lisafishwe, katheta nyembamba iingizwe taratibu, matone ya kwanza yaachwe. Sahani zikatoa kidogo sana, maana alikuwa katikati ya dozi. Sampuli iliyobaki ilisomwa na wenzetu watafiti. Majina yalikuwa mengi, lakini moja lilitawala: Proteus mirabilis.

Jina hilo lilimfanya daktari afikirie jambo ambalo jibu la "vimelea vya aina nyingi" halikuwahi kumfanya afikirie. Proteus huvunjavunja urea, mkojo ukapoteza asidi yake, na madini yakaganda kuwa mawe. Ndani ya jiwe bakteria hujificha. Dawa huua walioko kwenye mkojo, walio jiweni hurudi dozi ikiisha. Mzee akapigwa picha ya figo. Jiwe lilikuwepo. Lilipotolewa, homa zile zilikoma.

Sisemi mashine ilimponya. Orodha ya abiria wa basi haikuambii nani kaiba. Majina yanayotoka kwenye mkojo wa utumbo ndivyo yalivyo. Mashine husoma bakteria aliye hai na aliyekufa jana bila kutofautisha. Husoma hata vumbi la vinasaba lililomo kwenye kemikali za maabara, ndiyo maana mirija ya maji safi lazima ipitishwe hatua zote pamoja na sampuli, tujue ni majina gani ni yetu. Inaweza kuonyesha jeni za usugu wa dawa, lakini kwenye umati ni vigumu kujua jeni hiyo ni ya nani, na kukosekana kwa jeni si hakikisho kwamba dawa itafanya kazi. Kwa hilo bado nahitaji bakteria hai kwenye sahani, akiwekewa dawa nimwone anakufa au anakaidi. Kwa hiyo sahani sizitupi. Ninachotaka ni vipimo vyote viwili kwa mgonjwa mwenye homa ambaye sahani zimemkatalia, wala si kwa kila mwenye tundu. Kumsomea vinasaba mtu asiyeumwa ni kumtafutia dawa asizozihitaji.

Kama wewe au ndugu yako ana njia ya mkojo ya utumbo, hakikisheni fomu ya maabara inasema hivyo waziwazi, kwamba mkojo umechukuliwa tunduni kwa katheta, na kwamba dawa fulani zimekwisha kunywewa na lini. Bila maneno hayo, mtu wa benchi ataona kikopo cha mkojo kama vingine na kuandika jibu lile lile. Mkojo ufike maabara ndani ya saa mbili au uwekwe kwenye jokofu. Na homa ikija na kutetemeka, huku mkojo kwenye mfuko umepungua ghafla, msingoje kipimo chochote changu: huenda mrija umeziba, na figo inatakiwa kupigwa picha ya ultrasaundi siku hiyo hiyo.