Mimba ya Michelle Fowler na ujenzi wa kijana katika tamthilia

Vikao vingi vya kuandaa tamthilia huanza kwa kujaza karatasi ya sifa. Binti ana miaka 16, mrembo, mkaidi kidogo, anapenda muziki, anaota kuwa mwanamitindo. Karatasi ikijaa, waandishi hupumua wakiamini mhusika amepatikana. Ikifika sehemu ya ishirini, binti huyo hana tena la kufanya isipokuwa kugombewa na wavulana wawili na kulia chumbani kwake, maana sifa zote zilikwisha kutumika wiki ya kwanza.

Filamu humchukua kijana kwa saa moja na nusu, ikamwachia mlangoni mwa utu uzima. Tamthilia ya mfululizo humkuta akiwa na sare za shule, na mambo yakienda vizuri itakuwa naye anapoajiriwa, anapozaa, anapowazika wazee wake. Muda huo wote hauwezi kubebwa na tabia peke yake. Mimi huwauliza waandishi maswali mawili tu: huyu kijana atatenda jambo gani lisiloweza kufutika, na ni nani wengine watakaolipa pamoja naye? Asiyeweza kuyajibu bado hana mhusika, hata awe na kurasa kumi za maelezo.

Mfano ninaourudia kila mara ni wa Michelle Fowler, binti wa EastEnders, tamthilia ya BBC iliyoanza kurushwa tarehe 19 Februari 1985. Umri wake sasa unaweza kumfanya aonekane wa kale. Lakini kila hatua ya ujenzi wake inaonekana wazi, kama nyumba ambayo bado haijapigwa lipu.

Waanzilishi walikuwa wawili: mtayarishaji Julia Smith na mhariri wa skripti Tony Holland. Mwaka 1984 walijifungia wiki mbili katika kisiwa cha Lanzarote wakarudi na wahusika zaidi ya 20. Holland alizaliwa katika ukoo mkubwa wa Walthamstow, upande wa mashariki mwa London, na ukoo huo ndio alioutia kwenye karatasi. Bibi mwenye nyumba, Lou, alipewa jina la shangazi yake mwenyewe. Ukoo ulitangulia kuwekwa, kisha binti akatafutiwa nafasi ndani yake. Tofauti hiyo ni kubwa. Michelle hakuhitaji kubuniwa kutoka hewani, kwa kuwa kabla hajatamka neno tayari alikuwa mjukuu wa bibi mwenye amri, binti wa Arthur asiye na kazi, binti wa Pauline anayehesabu kila senti, na dada wa Mark, kaka mkorofi asiyetulia nyumbani. Wote wamebanana katika nyumba moja ya Albert Square, mtaa wa kubuni ambako jirani hujua chakula chako cha jioni.

Sehemu za kwanza zilimweka pembeni. Mjamzito wa nyumba ile alikuwa mama yake, tena mimba ya ukubwani iliyomkasirisha bibi Lou, maana nafasi ilikuwa finyu na pesa hazikuwapo. Kwa hiyo watazamaji walikwisha kuzoeshwa hesabu ya mtoto mmoja wa ziada: atalala wapi, atalishwa nini, majirani watasema nini. Martin alizaliwa Julai 1985. Wakati huohuo Michelle, mwenye miaka 16, akagundua kwamba na yeye ana mimba. Waandishi hawakuhitaji kutueleza uzito wa habari hiyo. Hesabu tulikuwa nayo tayari, tukamwonea huruma kabla hajamwambia mtu.

Nafasi hiyo alipewa Susan Tully, aliyekuwa na miaka 17. Watoto wa Uingereza walikuwa wamemzoea kutoka Grange Hill, tamthilia ya shule ya BBC. Yaani sehemu ya hadhira ilikua pamoja naye, ikahama naye kutoka kipindi cha watoto hadi cha watu wazima. Bahati ya namna hiyo hainunuliwi. Lakini somo la uteuzi wake linanunulika: alikuwa msichana wa kawaida anayeonekana kama jirani. Tunapomchagua kijana kwa uzuri wa picha tu, tunamnyang'anya uwezo wa kuaminika anapoamka asubuhi.

Sasa baba wa mtoto. Hapa ndipo ufundi ulipo, na hapa nitakaa.

Hadhira ilijua kuhusu mimba, haikujua ni ya nani. Oktoba 1985 ikaja sehemu iliyowaonyesha wanaume kadhaa wa mtaa, mmoja baada ya mwingine, wakitoka majumbani mwao huku Michelle akingoja mahali palipojificha. Kila mmoja angeweza kuwa yeye. Gari likasimama, akaruka mbwa Roly, na mtazamaji akajua bila kuambiwa: mbwa yule ni wa Den Watts, mwenye baa ya Queen Victoria. Kisha sehemu hiyo ikawaacha wawili hao wazungumze kando ya mfereji kwa muda mrefu, bila kuruka kwenda nyumba nyingine. Katika tamthilia iliyozoea mandhari fupifupi, huo ulikuwa uamuzi wa kijasiri. Waliamini kwamba msichana wa miaka 16 anaweza kuibeba mandhari ndefu akiwa na mtu mzima, kwa maneno matupu. Mimi naona Michelle alizaliwa pale mferejini. Kabla ya hapo alikuwa binti wa Pauline tu.

Mtazame Den kwa jicho la mwandishi. Ana mke, Angie. Ana binti wa kulea, Sharon, ambaye ni rafiki wa chanda na pete wa Michelle. Na ndiye mwenye baa, mahali pekee ambapo wakazi wote hukutana. Mvulana wa shule angeiletea tamthilia aibu ya miezi michache. Den aliifunga familia ya Fowler na ya Watts kwa kamba ambayo mmoja wao tu ndiye aliyeishika, naye ni mtoto. Kila Michelle alipoingia baa, alipopita mbele ya Angie, Sharon alipomshika mkono, mandhari ilikuwa na chumvi hata wakizungumzia mvua. Siri nzuri humlipa mwandishi kila siku bila kufichuliwa.

Kuna jambo ambalo mwandishi wa leo hana ruhusa ya kulipita. Den alikuwa mtu mzima mwenye binti wa umri uleule. Tamthilia ile ilimwachia mvuto wake, mashabiki wakaendelea kumpenda. Ningemfundisha mwandishi wangu kuuhifadhi mpango wa hadithi, lakini akamtazame Den kwa ukali zaidi, na asiache mvuto wa mwigizaji ufunike kwamba aliyeachwa na mzigo alikuwa mwanafunzi.

Michelle aliamua kumzaa mtoto na kutomtaja baba. Vicki akazaliwa Mei 1986, akapewa jina linaloikumbuka ile baa. Lile tendo lisilofutika sasa lilikuwa na miguu, likatambaa mbele ya kila mtu. Likaanza kuwatoza wengine.

Lofty, kijana mpole aliyefanya kazi baa, akajitolea kumwoa. Arthur alifurahi kupita kiasi, kwa sababu kwake ndoa ilikuwa njia ya binti kurudishiwa heshima, na ya baba asiye na kazi kuonyesha kwamba bado ni baba. Fedha za karamu hakuwa nazo. Alikuwa na dhamana ya akiba ya Krismasi ambayo majirani walikuwa wakiiweka kidogo kidogo, akaichota. Septemba 1986 Lofty akasimama kanisani akingoja, na bibi harusi hakutokea. Walikuja kuoana baadaye kimyakimya, bila shamrashamra ile iliyogharimiwa na wizi. Arthur alivunjika akili sebuleni mwake, kisha akafikishwa mahakamani na kufungwa.

Rudi nyuma uhesabu viungo. Msichana ananyamaza; kijana mwema anamwonea huruma; baba anaona aibu; baba anaiba; binti anabadili mawazo; baba anaanguka. Hakuna kiungo kilicholetwa na ajali ya barabarani, mchawi, wala pacha aliyepotea utotoni. Kila mmoja alitenda kwa sababu anazoweza kuzitetea. Nikisikia mtu akisema hadithi za vijana ni nyepesi, humpa mnyororo huu aufuate, maana mojawapo ya simulizi chungu za kuporomoka kwa mwanamume katika televisheni ya Uingereza ilianzia kwenye ukimya wa binti yake.

Sharon aliambiwa ukweli mwaka 1989, baada ya Den kupigwa risasi kando ya mfereji uleule. Zaidi ya miaka mitatu waandishi waliizuia mikono yao. Huku kwetu siri kama hiyo hufichuka katika harusi, mbele ya kipaza sauti, na kabla ya msimu kwisha. Naelewa shinikizo la vituo na wadhamini. Lakini kijana hukua ndani ya muda ule wa kungoja: ndipo tunapomwona akijifunza kusema uongo mdogo, akizoea, akichukia kwamba amezoea.

Afrika Mashariki inao urithi wake wa kuwajenga wahusika. Twende na Wakati, mchezo wa Radio Tanzania ulioanza 1993, ulifuata mbinu ya Miguel Sabido wa Mexico, ambayo hugawa wahusika katika wema wa kuigwa, wabaya wa kuepukwa, na wanaoyumba katikati. Dereva wa lori Mkwaju aliwekwa upande wa maonyo, na mkewe Tunu akachukua hatua za kujitegemea. Waliowekwa kuyumba walikuwa watu kama Fundi Mitindo, na hao ndio wasikilizaji walioalikwa kutembea nao. Kwa kumjenga kijana, somo la mbinu hiyo ni kwamba asiwekwe kwenye ncha yoyote. Kila ninapoona skripti za kuelimisha ambamo binti wa sekondari anajua yote na kuwahutubia wenzake kuhusu mimba za utotoni, moyo wangu husononeka, kwa sababu msichana anayetazama akiwa njia panda hana wa kutembea naye. Michelle hakuwekwa kuwa onyo wala kielelezo. Alikosea, akashikilia kosa lake kwa heshima, akalea.

Baadaye alirudi masomoni akapata shahada. Wengi wangeandika sura hiyo kama uongofu: binti aliyepotea sasa amekuwa mwingine. EastEnders haikufanya hivyo, na ndiyo sababu alidumu. Ukaidi uleule uliomfanya amfiche Den ndio uliompeleka chuoni. Tabia ya kutomwacha mtu amwamulie ilimfanya aikimbie harusi mwaka 1986, ikamfanya mwaka 1987 atoe mimba ya Lofty bila ridhaa ya mumewe, ikavunja ndoa. Tabia moja, gharama tofauti kwa kila umri. Kukua kwa mhusika ndiko huko: halibadiliki jiwe, hubadilika anayegongwa nalo.

Tully alipoondoka mwaka 1995, waandishi walimtafutia Michelle mlango wa kutokea kwa kuchimba palepale walipoanza. Alilala usiku mmoja na Grant Mitchell, mume wa zamani wa Sharon, akaenda Marekani akiwa na mimba. Baba wa Sharon mwanzoni, mume wa Sharon mwishoni. Hiyo ni kazi ya watu wanaosoma faili zao. Naipenda kuliko mazishi na milipuko yote inayotumiwa kumwondoa mwigizaji, kwa kuwa inauacha urafiki uleule ukiwa na jeraha la pili, na kila mtazamaji wa muda mrefu aliweza kulipapasa bila kuonyeshwa.

Kaka yake alipita njia nyingine. Mwigizaji wa kwanza wa Mark aliacha nafasi hiyo, na mwaka 1990 ikachukuliwa na Todd Carty, naye pia mtoto wa Grange Hill. Mwaka 1991 Mark akabainika kuwa ana virusi vya Ukimwi, akaishi navyo mbele ya watazamaji mpaka 2003. Kubadilisha uso wa mhusika ni hatari, lakini hapa kutoroka kwake nyumbani kulikuwa kumeacha tundu la miaka isiyojulikana, na ndani ya tundu hilo habari nzito iliweza kuingia kwa haki. Mwandishi akimwondoa kijana, amwachie tundu la namna hiyo.

Michelle naye alirudi Desemba 2016 akichezwa na Jenna Russell. Ikajulikana kwamba kule Marekani, akiwa mwalimu mwenye miaka karibu hamsini, alikuwa na uhusiano na kijana wa miaka 17. Naona hesabu ya waandishi: aliyetendewa na Den sasa amesimama mahali pa Den. Kwenye karatasi ni mpango wenye nguvu kupita yote niliyoeleza. Kwenye kioo haukunishika, na nimeutazama tena nikitafuta sababu. Uso mpya si tatizo, Mark alithibitisha. Tatizo ni miaka 21 ambayo hatukuwapo. Miaka ya 1980 tuliona kila hatua kati ya mfereji na kanisa, hivyo Michelle alipokimbia tulijua miguu yake inatoka wapi. Safari hii tulipewa mwisho wa mnyororo bila viungo vyake, tukaombwa tumtambue mwanamke kwa kosa tu. Ningekuwa katika chumba kile cha waandishi, ningeomba miezi sita ya Michelle akiwa nyumbani kwa familia yake, akimlea mjukuu wa mtu, akigombana na Sharon kuhusu Den, kabla hatujataja jina la kijana yule hata mara moja.