Mpira wa kikomo (gari)

Mpira wa kikomo ni kipande cha mpira au cha plastiki inayonyumbuka kinachofungwa kati ya chasisi na ekseli ya gari ili springi isibanwe kupita kiasi. Gari likiingia kwenye shimo au likibeba mzigo mzito, springi hubanwa na ekseli huikaribia chasisi. Mpira huu hupokea pigo la mwisho kabla ya chuma kugonga chuma. Mara nyingi una umbo la koni: ncha nyembamba huminywa kwanza, kisha sehemu nene huzidi kuwa ngumu, hivyo pigo halitokei kwa ghafla.

Matumizi pembezoni mwa Dar es Salaam

Mipira hii hufanya kazi kubwa pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam, kwa mfano Bunju na Mabwepande katika Kinondoni, au Mbagala na Chamazi katika Temeke. Huko mitaa mingi haina lami, na mvua za masika, kati ya Machi na Mei, huacha mashimo na makorongo. Pikapu za Toyota Hilux na Land Cruiser hutumika sana kubeba vifaa vya ujenzi. Mifuko 20 ya saruji yenye kilo 50 kila mmoja ni tani 1. Mzigo kama huo hupunguza nafasi iliyo juu ya ekseli hata kabla gari halijaondoka.

Ili kupita kwenye maji na mashimo, baadhi ya wenye magari huyainua kwa kuweka springi ndefu, shokapu ndefu na tairi kubwa. Hapo ndipo mpira wa kikomo huhitaji kuangaliwa upya.

Kuinua gari

Ni kosa kudhani kwamba gari likiinuliwa sentimita 5, mpira nao lazima ushushwe sentimita 5. Mpira huamua ekseli inaweza kuikaribia chasisi kwa kiasi gani, na kuinua gari peke yake hakubadilishi kikomo hicho. Kunaongeza tu nafasi ya ekseli kupanda kabla ya kukifikia. Kinacholazimisha mabadiliko ni vipuri vilivyofungwa:

* Shokapu ndefu huwa ndefu pia inapofunga kabisa. Ikifika mwisho kabla ya mpira, pigo lote huiangukia yenyewe. Huanza kuvuja mafuta, au sehemu yake ya kufungia hukatika.
* Tairi kubwa hufikia madigadi mapema. Kipenyo kikiongezeka sentimita 6, sehemu ya juu ya tairi hupanda sentimita 3.
* Kipande cha chuma kilichowekwa kati ya ekseli na springi bapa husababisha springi ipinde zaidi kabla ekseli haijafika kwenye mpira. Pete inayowekwa juu ya springi ya koili huleta tatizo kama hilo: koili zinaweza kugusana zote.

Kupima

Gari huwekwa juu ya stendi imara, si juu ya jeki pekee. Mpira huondolewa, pamoja na springi ya koili. Kwa springi bapa huachwa bamba kuu tu. Springi ya koili huondolewa kwa uangalifu, kwa kuwa ikiruka inaweza kuua. Kisha ekseli hupandishwa polepole kwa jeki huku usukani ukizungushwa pande zote mbili, mpaka kitu cha kwanza kikaribie kugusa au shokapu ikaribie kufunga.

Hapo hupimwa nafasi kati ya mahali mpira unapofungwa na mahali unapogonga. Mpira ukiwa umeminywa kabisa lazima uwe mnene kuliko nafasi hiyo. Kwa mfano, nafasi ikiwa sentimita 7 na mpira uliominywa una sentimita 4, unahitajika mpira mrefu zaidi, au kipande cha chuma cha zaidi ya sentimita 3 juu yake. Kipimo hurudiwa upande mmoja ukiwa juu na mwingine chini, kwa sababu katika shimo ekseli hulala upande.

Hatari ya kuzidisha

Mpira mrefu mno una madhara yake. Ekseli hukosa nafasi ya kupanda, gari hurukaruka na tairi hupoteza mshiko. Pikapu iliyopakiwa inaweza kuegemea mipira muda wote, na kila shimo likaipiga chasisi moja kwa moja. Kwa hiyo kipimo cha mwisho hufanywa gari likiwa na mzigo wake wa kawaida.

Mipira ya bomba za breki hukaguliwa pia, kwani ekseli ikishuka chini zaidi kuliko zamani inaweza kuikata. Nchini Tanzania, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka gari linalotumika barabarani liwe katika hali nzuri.